Nani Kaniweka Hapa? Miungu na Makaisari kwenye Dhahabu ya Roma

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazee wetu mliokaa mbele, na ninyi wanafunzi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za sarafu: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wote mnaostahili, na wengine nawasalimu.

Nianze na kisa ambacho wengi wenu mnakijua. Watu walimjia Yesu wakamuuliza kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Akaomba aonyeshwe fedha ya kodi. Wakamletea dinari, naye akawauliza sanamu ile na maandishi yale ni ya nani. Wakajibu kwamba ni ya Kaisari. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alipofika hapo alikwenda mbio hadi kwenye jibu lenyewe, na alikuwa na haki, maana jibu ndilo somo. Lakini mimi nilibaki nyuma na ile sarafu. Nilitaka kujua hayo maandishi yalisema nini. Kama Yesu aliyataja, bila shaka yalisomeka. Ilinichukua miaka mingi kupata jibu, na jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Wataalamu wengi wanaamini sarafu ile ilikuwa dinari ya Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Dinari ni ya fedha, lakini mchoro huohuo uligongwa pia kwenye dhahabu. Upande wa uso kuna kichwa cha Tiberius chenye shada la majani, na kukizunguka kuna Kilatini kilichofupishwa: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Maana yake ni Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Ukiigeuza, unamwona mwanamke aliyeketi, ameshika fimbo ya enzi na tawi, na maneno PONTIF MAXIM, yaani Kuhani Mkuu. Sasa mfikirie mtu wa Yerusalemu anayeitoa sarafu hiyo mfukoni. Mji wake una kuhani mkuu wake. Mungu wake amekataza sanamu. Na kipande cha madini kidogo kuliko kifungo cha koti kinamwambia kwamba kuhani mkuu ni huyu, na kwamba huyu ni mwana wa mungu. Nilipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza, niliona kwamba swali lile lilikuwa na uzito kuliko nilivyofundishwa.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jambo moja tu kwenye sarafu za Roma, hasa za dhahabu: kaisari anasema nani kamweka pale alipo. Upande wa uso ni yeye. Mgongoni, mara nyingi, ni yule anayemlinda. Nina maoni yangu juu ya pande hizo mbili, na nitayasema bila kuficha.

Kwanza tuijue sarafu yenyewe. Warumi waliiita aureusi, neno linalomaanisha tu "ya dhahabu". Julius Caesar, mwaka 46 KK, aligonga sarafu 40 kutoka kila ratili ya Kirumi, hivyo kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 8 hivi. Augustus akapunguza kidogo, Nero akapunguza tena mwaka 64 BK hadi sarafu 45 kwa ratili. Upana wake haukuzidi sana ukucha wa kidole gumba, lakini ukiiweka kiganjani unausikia uzito wake. Aureusi moja ilikuwa sawa na dinari 25. Askari wa kawaida wa jeshi la Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka kabla ya makato. Gawanyeni: aureusi 9 kwa mwaka mzima wa kuchimba mahandaki na kulala kwenye mahema. Kwa hiyo dhahabu hii haikuwa ya kununulia mkate. Ilipita mikononi mwa maofisa, matajiri, wafanyabiashara wa ng'ambo, na askari siku ya kupewa bahashishi na kaisari mpya. Kumbukeni mikono hiyo, nitairudia.

Kuweka uso wa mtu aliye hai kwenye sarafu ya Roma lilikuwa jambo la kushtua. Sura zilizozoeleka zilikuwa za miungu na za mababu waliokwisha kufa. Julius Caesar alipewa heshima hiyo na Seneti, baraza la wazee wa Roma, mwaka 44 KK, na tarehe 15 Machi mwaka huohuo akachomwa visu. Sidhani kwamba sarafu ndiyo iliyomuua, ila ilikuwa moja ya dalili zilizowafanya wenzake waone mfalme anakuja. (Majirani zetu Wakenya wameliweka jambo hili kwenye sheria mama: Katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na tangu mwaka 2018 sarafu zao mpya zina twiga, kifaru, simba na tembo.) Ajabu ni kwamba Brutus, aliyemuua Caesar kwa jina la uhuru, miaka miwili baadaye aligonga sarafu yenye sura yake mwenyewe, na mgongoni visu viwili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru katikati yake. Nyingi ni za fedha. Za dhahabu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Octavian, ambaye tunamwita Augustus, alikuwa na akili ya utulivu zaidi. Caesar alipotangazwa rasmi kuwa mungu mwaka 42 KK, kijana huyu aliyekuwa mtoto wake wa kuasili akapata jina ambalo hakuna mpinzani angeweza kumpokonya: DIVI F, mwana wa mungu. Herufi tano tu. Wachonga chapa walizipachika kwenye sarafu miaka nenda miaka rudi. Alipomshinda mpinzani wake Antonius na malkia Cleopatra wa Misri kwenye vita vya baharini pale Actium mwaka 31 KK, aliyepewa sifa alikuwa Apollo, mungu wa muziki na unabii, na Apollo akaonekana kwenye dhahabu na kinubi chake, herufi ACT zikiwa chini ya miguu yake. Hakusema "mimi ni mungu" mjini Roma. Alisema mimi ni mtoto wa mungu na rafiki wa mungu mwingine. Ni tofauti ndogo, lakini Julius Caesar hakuishi, na Augustus alikufa mzee kitandani kwake.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye sarafu ninayoipenda kuliko zote, na picha yake ninayo hapa mezani.

Tarehe 24 Januari mwaka 41 BK, kaisari Caligula aliuawa na maofisa wa kikosi chake mwenyewe cha walinzi. Baba yake mdogo, Claudius, mtu wa makamo aliyedharauliwa na ukoo wake kwa sababu ya kuchechemea na kushikwa na kigugumizi, alikimbia akajificha nyuma ya pazia. Askari mmoja akaiona miguu yake chini ya kitambaa. Akamvuta nje. Claudius akaanguka magotini akiomba asiuawe, na yule askari badala ya kumuua akamsalimu kama kaisari. Wakambeba hadi kambini kwao. Seneti ilikuwa bado inajadiliana kuirudisha jamhuri, lakini Claudius akawaahidi walinzi wale fedha ambazo kwa kila mmoja zilikuwa sawa na aureusi 150. Ukipima kwa mshahara ule wa askari wa mpakani, ni zaidi ya miaka 16 ya kazi. Mjadala wa Seneti ukaishia hapo.

Claudius hakulificha jambo hilo. Aligonga aureusi ambayo mgongoni haina Jupiter, mkuu wa miungu ya Roma, wala Apollo. Ina kambi: ukuta wenye vinara, lango, na mtu aliyesimama humo na bendera ya kikosi. Maandishi ni IMPER RECEPT, kaisari amepokewa. Aligonga na nyingine inayomwonyesha yeye mwenyewe akishikana mkono na askari. Nimeangalia picha za sarafu nyingi za Roma, na sijaona nyingine inayolijibu swali langu waziwazi namna hii. Nani kakuweka hapa? Hawa hapa, kambi yao ndiyo hii.

Sarafu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuzisoma nyingine. Kwa maana tukishajua kwamba kambi ndiyo iliyomweka kaisari, kila mungu anayetokea mgongoni mwa dhahabu anakuwa na wasikilizaji. Ujumbe unamwendea askari, mtu anayeweza kukuinua na anayeweza kukushusha. Unamwambia: usidhani ni wewe tu, yuko mwingine juu yako aliyenichagua.

Mwaka 65 kundi la watu wakubwa, wakiongozwa na Piso, lilipanga kumuua Nero. Siri ikavuja, wengi wakauawa au wakalazimishwa kujiua. Baada ya hapo ndipo anapotokea kwenye dhahabu ya Nero mungu aliyeketi kwenye kiti, radi mkononi, na maneno IVPPITER CVSTOS, Jupiter Mlinzi. Nero aliona kwamba ameokolewa, akamtaja mwokozi wake. Kisu kilichoandaliwa kwa ajili yake alikiweka wakfu kwa Jupiter pale Capitolium, kilima chenye hekalu lake. Miaka mitatu baadaye majeshi ya mikoani yakaasi, walinzi wakamwacha, Nero akajichoma kisu.

Domitian ni kisa kirefu zaidi, na ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Huyu alitawala kuanzia mwaka 81 hadi 96, na mungu aliyempenda alikuwa Minerva, mungu mke wa hekima na vita. Si mapenzi ya kupita. Mkichukua fedha na dhahabu zake za miaka ya utawala wake, Minerva yupo, yupo, na yupo tena: akiwa na mkuki, akiwa na radi na ngao, akisonga mbele kupigana, akisimama juu ya omo ya meli na bundi miguuni. Mchonga chapa alizunguka kwenye pozi nne zilezile mwaka baada ya mwaka, utadhani mtu anayerudia dua moja kwa tasbihi.

Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba karibu na mwisho wake Domitian aliota ndoto. Minerva alitoka kwenye kihekalu chake akamwambia kwamba hawezi tena kumlinda, kwa sababu Jupiter amempokonya silaha. Tarehe 18 Septemba mwaka 96, Domitian alichomwa kisu chumbani mwake na watu wa nyumba yake.

Wapo wanaofundisha kwamba picha hizi za miungu zilikuwa propaganda na basi: kaisari mjanja, watu wajinga, mungu ni pambo. Sikubaliani nao, na naomba mnivumilie kwa ukali wa sauti yangu. Mtu anayetumia mungu kama pambo haoti ndoto ya namna ile. Na hata kama tukisema Suetonius aliipokea ndoto hiyo kwenye masimulizi ya mitaani, basi watu wa mitaani ndio waliokuwa wakifikiri hivyo: kwamba kati ya kaisari na mungu wake kuna mkataba wa kweli, na unaweza kuvunjika. Kwetu pia tunajua watu wenye cheo wanaotaja jina la Mungu kila wanapofungua kinywa. Baadhi wanaigiza, na baadhi wanaogopa kweli. Domitian, kwa jinsi ninavyosoma sarafu zake, aliogopa kweli.

Na kambi je? Askari walimpenda Domitian, kwa kuwa aliwaongezea mshahara kutoka aureusi 9 hadi 12. Alipouawa walikasirika. Mrithi wake, Nerva, alikuwa mzee wa Seneti asiye na jeshi. Angalieni dhahabu yake: mikono miwili iliyoshikana, na maneno CONCORDIA EXERCITVVM, mapatano na majeshi. Ni ombi hilo, halikuwa taarifa. Mwaka 97 walinzi walimzingira mwenyewe jumbani, wakamlazimisha kuwatoa waliomuua Domitian, nao wakawaua. Ndipo Nerva akamfanya Trajan, jenerali mwenye majeshi nyuma yake, kuwa mtoto wake wa kuasili. Na Trajan alipokwisha kukaa imara, alitoa aureusi ambayo Jupiter amesimama mrefu, ameshika radi, na chini ya mkono wake huo yuko Trajan mdogo kama mtoto. Kaisari aliyekuwa na nguvu kuliko wengi waliomtangulia hakuona haya kuchongwa mdogo vile.

Siwezi kuwapitisha kwa kila mtu, na karne ya pili ilikuwa na utulivu usiohitaji maneno mengi. Nitaje tu kwamba miungu ya nyumbani nayo ilipewa nafasi. Hadrian, ambaye ukoo wake ulitoka Hispania, aliweka kwenye dhahabu Hercules, shujaa aliyefanywa mungu, yule wa Gades, mji ambao leo ni Cádiz na ndiko alikotoka mama yake. Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliwaleta Roma Hercules na Liber, majina ya Kilatini ya miungu wawili ambao mji wake uliwaabudu tangu zamani kwa majina ya Kifoinike, Melqart na Shadrapa. Mwana wa Afrika ameshika Roma, na wazee wa mji wake wako naye. Hilo watu walilikubali, kwa sababu miungu hao walikuja kama wageni waliovaa nguo za wenyeji.

Kaisari Elagabalus hakumvika mungu wake nguo za wenyeji. Mvulana huyu wa miaka 14 alikuwa kuhani wa mungu jua huko Emesa, mji ambao sasa ni Homs, Syria. Mwaka 218 majeshi ya Syria yalimfanya kaisari. Mungu wake hakuwa na sura ya mtu. Alikuwa jiwe jeusi lenye umbo la pia. Akalisafirisha hadi Roma. Na safari hiyo ipo kwenye dhahabu: gari la farasi wanne, halina mwendeshaji, juu yake jiwe, mbele ya jiwe tai, na miavuli minne imelizunguka. Maandishi yanalitaja jua takatifu, mungu Elagabal. Kwa mchonga chapa ni kazi ya kupendeza sana. Lakini kaisari alimweka mungu huyo mbele ya Jupiter mwenyewe, na mikono iliyopokea sarafu ile Roma haikumtambua yule aliyepanda garini. Machi mwaka 222 walinzi walimuua pamoja na mama yake, wakaburuta mwili wake wakautupa mtoni Tiber. Jiwe likarudishwa kwao. Sarafu za binamu yake aliyemrithi zikamrudisha Jupiter Mlinzi haraka.

Karne hiyo ya tatu makaisari walikuwa wakiuawa kwa zamu, na dhahabu ikaonyesha hofu hiyo. Maneno yanabadilika. Mungu anaitwa CONSERVATOR, mhifadhi wangu. Kisha anaitwa COMES, na hili ni neno la kutafakari, kwa kuwa maana yake ni mwenzi wa safari. Jua Lisiloshindwa linakuwa mwenzi wa kaisari, na kwenye baadhi ya sarafu za kaisari Probus nyuso mbili zimechongwa bega kwa bega, ya kaisari na ya Jua, zikitazama upande mmoja. Diocletian, aliyeshika madaraka mwaka 284, alilipanga jambo kama mtu anayepanga ofisi: yeye akajiita wa Jupiter, mwenzake Maximian akawa wa Hercules, na dhahabu yao ikatangaza hivyohivyo.

Halafu anakuja Constantine, na hapa nawaomba wale mnaofikiri alibadilika siku moja muangalie sarafu. Ushindi wake kwenye daraja la Milvius, karibu na Roma, ni wa tarehe 28 Oktoba 312. Mapokeo ya Kikristo yanasema alipigana chini ya alama ya Kristo. Mwaka uliofuata, 313, kiwanda cha sarafu cha Ticinum, mji wa Italia, kilitoa nishani ya dhahabu yenye uzito wa sarafu 9, ambayo sasa iko Paris. Imeandikwa "Constantine Asiyeshindwa". Uso wake uko mbele, na nyuma yake, pua ikifuata pua, uko uso wa mungu Jua mwenye taji la miale. Mwenzi wa safari bado hajaondoka. Atabaki kwenye sarafu zake zaidi ya miaka kumi. Kanisa lilisimulia badiliko la siku moja, na kwenye chapa badiliko lilikwenda polepole mno, kama mtu anayehama nyumba kwa kubeba kitu kimoja kila jioni.

Karibu na mwaka 325 kinatokea kitu kipya. Kichwa cha Constantine kinainuliwa, macho yanatazama juu. Hakuna msalaba wala maandishi ya Kikristo. Askofu Eusebius aliyemfahamu aliandika kwamba kaisari aliagiza sura hiyo ili aonekane akimwomba Mungu. Mpagani angeweza kuona hapo Alexander Mkuu, ambaye alichongwa vilevile. Kila mkono ulisoma ulichokijua. Constantine huyuhuyu ndiye aliyeleta sarafu mpya ya dhahabu, solidusi, 72 kwa ratili moja, gramu 4.5 hivi, na sarafu hiyo ilishika uzito na usafi wake kwa takriban miaka 700. Sijui kazi nyingine ya kaisari yeyote iliyodumu hivyo ikifanya kazi ileile kila siku.

Kwenye solidusi ndipo miungu ya zamani ilipotoweka kidogo kidogo. Malkia Eudoxia, mwaka 400, anaonekana na mkono ukitoka juu kumvika taji: mkono tu, mwenye mkono haonekani. Mungu mke Ushindi aliendelea kuwepo na mabawa yake, ila sasa ameshika msalaba, na baadaye ukabaki msalaba peke yake juu ya ngazi. Kisha Justinian wa Pili, kati ya mwaka 692 na 695, akafanya jambo ambalo hakuna kaisari aliyelifanya kabla yake kwenye sarafu zinazotembea mikononi mwa watu. Aliondoka upande wa uso. Hapo aliweka sura ya Kristo, nywele ndefu na ndevu, na maneno "Mfalme wa wanaotawala". Yeye mwenyewe alihamia mgongoni, mdogo, amesimama na msalaba, akijiita SERVVS CHRISTI, mtumishi wa Kristo. Tumetoka kwa mwana wa mungu, tukapita kwa mwenye kuhifadhiwa na kwa mwenzi wa safari, tumefika kwa mtumishi. Hata hivyo mwaka 695 jeshi na watu wa Konstantinopoli, mji ambako makaisari walikuwa wamehamia, walimwondoa, wakamkata pua.

Wakati huohuo, Damascus, Khalifa Abd al-Malik alikuwa akitumia dhahabu ya Kirumi kama majirani wote. Dinari zake za kwanza ziliiga solidusi yenye kaisari Heraclius na wanawe wawili, ila misalaba ilikatwa ikabaki nguzo. Kisha akajaribu kuweka picha ya khalifa mwenyewe amesimama, ameshika upanga. Mwaka 77 Hijria, yaani 696 au 697, akaacha picha zote. Dinari mpya ilikuwa maandishi matupu: hakuna mungu ila Mwenyezi Mungu, peke yake, hana mshirika. Jina la khalifa halimo. Justinian alihamia mgongoni, Abd al-Malik akatoka kabisa kwenye sarafu. Na neno lenyewe, dinari, ambalo Mswahili analikuta kwenye Biblia na kwenye vitabu vya fiqhi, ni ile denarius ya Kilatini iliyopita kwa Wagiriki, Washamu na Waarabu hadi kutufikia.

Dhahabu ya Roma ilikwisha kufika pande zetu za bahari kabla ya hapo. Wafalme wa Aksum, ambao bandari yao ya Adulis iko katika Eritrea ya leo, waligonga dhahabu yao wenyewe tangu mwisho wa karne ya tatu, kwa vipimo vilivyofuata vya Roma na kwa maandishi ya Kigiriki. Mfalme Ezana katika maandishi yake ya mawe alijiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita asiyeshindwa, na juu ya kichwa chake kwenye sarafu kulikuwa na mwezi mwandamo na duara. Alipoupokea Ukristo, katika karne ya nne, mwezi ukaondoka ukaja msalaba. Ezana alibadilisha alama ile waziwazi, kwenye dhahabu yenyewe, bila ule mwendo wa taratibu wa Constantine.

Kutoka Adulis hiyohiyo alisafiri Mrumi mmoja mfanyabiashara, Sopatros, akafika kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka. Cosmas, msafiri wa karne ya sita, ndiye anayesimulia. Mfalme wa kisiwa aliwakalisha Sopatros na mjumbe wa Uajemi akawauliza mfalme wa nani ni mkuu zaidi. Mwajemi akajisifu sana. Sopatros akanyamaza, kisha akasema: wafalme wote wawili mnao hapa, waangalieni. Zikaletwa sarafu. Ya Uajemi ilikuwa ya fedha. Ya Roma ilikuwa dhahabu safi, inang'aa, imechongwa vizuri. Mfalme akazipindua pande zote, akasema Warumi wameshinda, na Sopatros akapandishwa juu ya tembo akazungushwa mjini kwa ngoma.

Na Kilwa. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao tangu karibu karne ya 11, nyingi za shaba. Hazina kichwa cha mtu. Upande mmoja ni jina la sultani, upande wa pili ni tamko kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zimefungwa kwa vina, ukisoma huu sikio linausubiri ule. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331 na kumwona akiwapa watu hadi akaitwa Baba wa Zawadi, aligonga pia za dhahabu, na zilizopatikana hadi leo ni chache mno. Sarafu yake moja ya shaba iliokotwa Zimbabwe Kuu, kwenye njia ambayo dhahabu yenyewe ilipita kuja pwani. Huyu naye alijibu swali letu kwenye madini, kwa shairi.

Nimeongea vya kutosha. Picha ninazo kumi na mbili, zimekuzwa ili herufi zisomeke bila miwani. Naomba tuzipitishe mkono kwa mkono, tukianza na ile kambi ya Claudius.